Madaraja ya Umri: Habari za Waborana wa Waso

Lugha ya Kiswahili ina majina mengi ya kumtaja mwanadamu kwa kadiri ya umri wake. Akizaliwa huitwa mtoto mchanga. Akianza kukimbia na kucheza huwa mvulana au msichana. Akibaleghe ni kijana. Akipata nguvu kamili za mwili ni barobaro, na dada yake ni mwanamwali. Baadaye huwa mtu mzima, kisha mtu wa makamo, kisha mzee. Na Mungu akimzidishia siku, mwanamume huitwa shaibu na mwanamke ajuza. Majina haya hayakutungwa na mtu mmoja, wala hayakutungwa jana. Tumeyarithi kwa watu walioyatazama maisha kwa makini, wakaona kuwa si njia moja iliyonyooka, bali ni ngazi yenye vipandio vingi.

Lakini ni nani aliyeviweka vipandio hivyo? Je, ni mwili wenyewe, ambao huota meno, huota ndevu na kuota mvi bila ya kuamrishwa na mtu? Au ni watu, ambao humpa mtoto jina, humpa kijana kazi, na humpa mzee kiti barazani? Hili ni swali kubwa katika elimu ya nafsi, yaani elimu ichunguzayo akili, moyo na tabia za mwanadamu. Kwa kuwa vitabu vingi vya elimu hiyo viliandikwa Ulaya na Marekani katika karne ya ishirini, msomaji aweza kudhani kuwa swali lenyewe lilizaliwa huko. Sivyo. Katika pembe hii yetu ya dunia wako watu waliolifikiri swali hilo kwa karne nyingi, wakalijibu si kwa kitabu bali kwa utaratibu mzima wa kuishi. Watu hao ni Waborana. Tena historia ya baadhi yao, wale wa Korbesa na nchi iliyo jirani nayo, yatufundisha jambo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kulifundisha: ni nini kinachowapata watu ngazi yao inapokatwa.

Korbesa ni kijiji katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo, kaskazini ya Kenya. Nchi hiyo ni tambarare na kavu, na tegemeo lake kubwa ni mto Ewaso Nyiro, ambao hupata maji yake katika nchi ya milima, hukata nyika kuelekea mashariki, na hatimaye hufia katika kinamasi cha Lorian. Waborana wakaao huko huiita nchi yao Waso kwa sababu ya mto huo, nao hujulikana kwa jina la Waborana wa Waso. Ni wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Dini yao ni Uislamu. Na lugha yao ni tawi la Kioromo. Ndugu zao wengi wako Marsabit, Moyale na kusini ya Ethiopia. Huko Ethiopia ndiko kilipo kitovu cha kabila lote, na huko ndiko unakoendelea hata leo utaratibu uitwao gada.

Gada ni mpango wa kuyagawa maisha ya mwanamume katika madaraja, na kila daraja lina cheo chake, wajibu wake, miiko yake na heshima yake. Kipimo cha mpango huo ni miaka minane. Kila baada ya miaka minane kundi moja la watu, liitwalo luba, hupanda pamoja kutoka daraja moja hadi jingine, na kundi lililokuwa likitawala hukabidhi madaraka kwa kundi lililo nyuma yake. Kiongozi wa kundi linalotawala huitwa abba gada, na Waborana huihesabu miaka ya historia yao kwa majina ya viongozi hao, kama vile mataifa mengine yanavyohesabu kwa majina ya wafalme. Asmarom Legesse, mtaalamu mzaliwa wa Eritrea aliyeishi na Waborana wa Ethiopia katika miaka ya 1960, aliufafanua utaratibu huu katika kitabu alichokitoa mwaka 1973. Na mwaka 2016 shirika la UNESCO liliutia gada katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu wote.

Na tuyapitie madaraja hayo kwa mfuatano wake. La kwanza ni dabballe, la watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane. Watoto wa dabballe hawanyolewi. Nywele zao huachwa zirefuke, nao hupambwa na kutajwa kama wasichana. Huhesabiwa kuwa wako karibu na Mungu, kwa hiyo hubembelezwa wala hawatendewi kwa ukali, na mama zao huheshimiwa kwa ajili yao. Daraja hilo likiisha, hufanyiwa sherehe, nao huingia katika gamme, daraja la wavulana. Gamme ni mbili, ndogo na kubwa, kila moja ya miaka minane. Hapo ndipo mvulana anapofunzwa uchungaji na ustahimilivu, na anapojifunza kwenda mbali na nyumba ya mama yake. Kutoka miaka ishirini na minne huja kuusa, daraja ambalo ndani yake vijana huanza kupata viongozi wao wenyewe. Kutoka thelathini na miwili huja raaba, daraja la vita na ndoa, ambalo pamoja na sehemu yake ya mwisho huchukua miaka kumi na mitatu. Ndipo lifikapo daraja la gada lenyewe, kutoka miaka arobaini na mitano hadi hamsini na mitatu, daraja la kutawala.

Angalia sasa, msomaji, jambo la ajabu. Mtu akiisha kutawala hatupwi. Huingia katika madaraja ya yuba, ambayo jumla yake ni miaka ishirini na saba, naye huwa mshauri na mtunza sheria. Halafu, kutoka miaka themanini hadi themanini na minane, huwa gadamojji. Katika daraja hilo mzee huwa mtakatifu kwa namna yake: hujitenga na vita na ugomvi, hutoa baraka, na mwisho wake hunyolewa nywele kwa sherehe kubwa. Hivyo ngazi huanza kwa mtoto asiyenyolewa, aliye karibu na Mungu, na huishia kwa mzee anyolewaye, aliye karibu na Mungu pia. Nguvu, mali na amri ziko katikati tu. Waliopanga hivyo walitaka kila mtu akumbuke kuwa alianza bila silaha na atamaliza bila silaha.

Hata hivyo yatupasa tusiusifu utaratibu huu kupita kiasi. Kwanza, ulikuwa ngazi ya wanaume. Mwanamke alihesabiwa katika luba ya mumewe, na cheo chake kikafuata cha mume. Pili, ulikuwa na sheria kali. Mtu wa raaba aliweza kuoa, lakini kwa kanuni ya kale hakuruhusiwa kulea watoto mpaka luba yake itimize miaka arobaini na kufanya sherehe ya ubaba. Waliozaliwa kabla ya hapo waliachwa au walipewa watu wengine. Machozi ya mama waliopoteza watoto kwa sheria hiyo hayakuandikwa popote, lakini hatuna haki ya kuyasahau.

Tatu, ulikuwa na kasoro ya hesabu. Luba ya mtu haihesabiwi kwa umri wake mwenyewe bali kwa luba ya baba yake: mwana huingia katika ngazi miaka arobaini kamili nyuma ya baba. Mtu akizaa mwana akiwa na miaka arobaini, mambo hulingana, kwa kuwa mtoto mchanga huwa dabballe. Lakini akizaa tena akiwa na miaka sabini, mtoto huyo wa pili huingia moja kwa moja katika luba ya kaka yake, ambaye sasa ana miaka thelathini, na hivyo huzaliwa akiwa na cheo cha kuusa hali hana jino hata moja. Mambo hayo yakirudiwa vizazi vingi, watoto huzaliwa wakiwa na vyeo vya watu wazima, hata vya wastaafu. Waborana waliiona kasoro hiyo, wakaweka kando ya gada utaratibu mwingine uitwao hariyya, unaowakusanya vijana waliozaliwa karibu karibu kwa miaka yao halisi. Kwa hiyo kila mwanamume alikuwa na umri wa aina mbili: mmoja wa kizazi chake na mmoja wa mwili wake. Mtu wa luba moja nawe alikuwa mwenzako mbele ya sheria. Mtu wa hariyya moja nawe alikuwa mwenzako wa kukimbia, kupigana na kuimba.

Katika jambo hilo Waborana walitangulia kuutambua ukweli ambao wataalamu wa elimu ya nafsi wanautilia mkazo hata leo, yaani kwamba miaka ya mtu na daraja lake la maisha ni vitu viwili, na si lazima vitembee pamoja. Yuko kijana wa miaka kumi na mitano anayelea wadogo zake kama baba, na yuko mtu wa miaka arobaini asiyejua bado yeye ni nani. Kuhesabu miaka ni rahisi. Kukua ni kazi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomshughulisha Erik Erikson, mmoja wa mabingwa wa elimu hii. Erikson alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, mama yake akiwa Mdenmarki. Baba aliyemzaa hakumjua kamwe. Alihamia Marekani, na alipopata uraia wa huko mwaka 1939 ndipo alipolitwaa jina la Erikson. Mwaka 1950 alitoa kitabu juu ya utoto na jamii, na ndani yake aliyagawa maisha katika madaraja manane. Alisema kuwa katika kila daraja mwanadamu hukutana na mtihani wa moyo. Mtoto mchanga hujifunza kuuamini ulimwengu au kuuogopa. Mtoto wa miaka miwili mitatu hujifunza kujitegemea au kujionea haya. Kisha huja mtihani wa kuthubutu kuanzisha mambo, au kubaki na hisia ya kosa; halafu, katika miaka ya shule, mtihani wa bidii au unyonge. Ujana una mtihani wa kujitambua: mimi ni nani, na nafasi yangu iko wapi? Baada yake huja mtihani wa kupendana na mwenzi au kubaki mpweke. Katika umri wa makamo, mtihani wa kuwalea wanaofuata au kudumaa. Na uzeeni, mtihani wa kuyatazama maisha yote yaliyopita na kuridhika nayo, au kukata tamaa.

Erikson hakuyapata hayo katika chumba cha waganga peke yake. Alikwenda kuwatazama Wasioux na Wayurok, wenyeji wa asili wa Marekani, akaona jinsi kila taifa linavyomlea mtoto kwa ajili ya maisha linayoyajua. Miongoni mwa Wasioux aliona pia vijana ambao baba zao walikuwa wawindaji wa nyati, na sasa nyati wamekwisha na shule ya serikali inawafundisha maisha mengine. Vijana hao hawakukosa akili wala nguvu. Walikosa mahali pa kupeleka akili na nguvu zao. Likumbuke jambo hilo, kwa maana tutakutana nalo tena Waso.

Ukizilinganisha ngazi mbili hizi, ya Waborana na ya Erikson, utaona zinavyofanana na zinavyoachana. Zote mbili hukubali kuwa ukuaji haukomi mtu anapobaleghe, bali huendelea mpaka kaburini. Wazo hilo lilikuwa geni kwa wataalamu wengi wa wakati wa Erikson, ambao waliutazama utoto tu kana kwamba mtu mzima ni chungu kilichokwisha kuchomwa. Jean Piaget wa Uswisi, kwa mfano, ambaye uchunguzi wake juu ya akili za watoto una thamani kubwa mno, aliishia katika ujana. Zote mbili huuona umri wa makamo kuwa wakati wa kuwahudumia wengine. Lakini Erikson alikuwa na daraja moja tu la uzee. Baada ya kufa kwake mwaka 1994, mkewe Joan, ambaye alikuwa msaidizi wake katika kazi hiyo, alikitoa upya kitabu chao mwaka 1997 akaongeza habari za daraja la tisa, la watu wenye miaka themanini na zaidi. Waborana walikuwa nalo tangu zamani, nalo ni gadamojji.

Kuachana kwao kukubwa ni huku: Erikson aliutazama mtihani ndani ya nafsi ya mtu mmoja, nao Waborana waliuweka hadharani. Kwake yeye kijana hujiuliza, "Mimi ni nani?" Kwa Waborana watu wote hukusanyika na kumwambia kijana ni nani. Kila jawabu lina faida na hasara zake. Aachwaye ajitafute mwenyewe aweza kupotea. Aambiwaye kila kitu aweza kunyimwa njia aliyoumbiwa. Ila hapana shaka kwamba hakuna ajitambuaye gizani. Hata huyo anayejiuliza peke yake hungoja kusikia wengine watamwitaje.

Pengine msomaji atasema, "Haya ni kweli kwa vijana na wazee, lakini mtoto mchanga hukua kwa maziwa na usingizi tu, wala hajui sherehe." Uchunguzi mmoja mashuhuri uliofanyika kwa majirani zetu wa Uganda wajibu hoja hiyo. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mtaalamu wa kike aliyelelewa Kanada, alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii huko Makerere. Mama huyo alianza kuvitembelea vijiji vya Buganda vilivyo karibu na mji. Kwa muda wa miezi kama tisa alizitembelea nyumba ishirini na sita zenye watoto wachanga ishirini na wanane, akiwatazama mama na watoto wao katika shughuli za kila siku. Aliona kuwa mtoto hampendi mama yake kwa sababu ya kunyonyeshwa tu. Mtoto aliyezoea kuitikiwa upesi na kwa upole alikuwa akitambaa mbali na mama kwenda kuchunguza vitu, akigeuka nyuma kumtazama, na kumrudia akiona jambo la kutisha. Mama alikuwa kwake kama bandari kwa chombo: chombo huthubutu kwenda mbali kwa kuwa bandari ipo. Ainsworth aliyaandika hayo katika kitabu juu ya watoto wachanga wa Uganda kilichotoka mwaka 1967, na aliyoyaona huko Buganda ndiyo yaliyokuwa msingi wa uchunguzi wake wa baadaye huko Baltimore, ambao umeenea katika vyuo vya dunia nzima. Hivyo imani, lile daraja la kwanza la Erikson, haioti yenyewe kama jino. Hutiwa na mtu.

Hata mwili hufundishwa. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness walikaa katika kijiji cha Wakipsigis kiitwacho Kokwet, magharibi ya Kenya. Ilikuwa imesemwa kwa muda mrefu kuwa watoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea kuliko wa Kizungu, na wengine walidai kuwa ni tabia ya damu. Super aliona kuwa watoto wa Kokwet waliwahi kweli kukaa na kutembea, lakini hawakuwahi kutambaa. Sababu ilikuwa wazi: mama wa Kokwet waliwafundisha watoto wao kukaa na kutembea, na wala hawakujishughulisha kuwafundisha kutambaa. Kilichofundishwa kiliwahi, kisichofundishwa hakikuwahi. Kwa hiyo jawabu la swali letu ni kuwa mwili huleta uwezo, na watu huupa uwezo huo njia. Ngazi ina miguu miwili, na mguu mmoja ni wa watu.

Kama ndivyo, ikiwaje watu wenyewe wakihamishwa, wakatawanywa, wakafilisiwa? Hapa twarudi Waso.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Waborana wengi walikuwa wakichunga na kunywesha katika visima vya upande wa Wajir. Kulikuwa na mashindano makubwa ya maji na malisho kati yao na Wasomali, na serikali ya kikoloni ya Kiingereza, ikitaka kuyatenga makabila, iliwahamishia Waborana hao kando ya Ewaso Nyiro mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaweka mpaka kati yao na jirani zao. Wilaya zote za kaskazini zilifungwa, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka ila kwa ruhusa. Waborana wa Waso wakajikuta mbali na Ethiopia, ambako gada ilikuwa ikikabidhiwa na ambako mkutano mkuu wa kabila, uitwao Gumi Gayo, ulikuwa ukifanyika kila miaka minane. Walibaki na lugha, na ng'ombe, na koo zao. Lakini saa kuu iliyokuwa ikiwapigia zamu za maisha ilikuwa mbali, na mlio wake ukawa haufiki.

Binadamu hawezi kuishi bila saa. Katika miongo iliyofuata Waborana wa Waso waliupokea Uislamu, ilhali ndugu zao wengi wa upande wa Marsabit na Moyale walikuwa bado wameshika mila. Paul Baxter, Mwingereza aliyekaa na Waborana wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika baadaye juu ya tofauti hiyo. Sababu za kusilimu ni nyingi, na ya imani haifai kudharauliwa. Lakini kwa upande wa jambo tunalolizungumza, Uislamu uliwapa ngazi nyingine iliyo kamili: akika ya mtoto, chuo cha Kurani, tohara, saumu ya aliyebaleghe, ndoa, Hija kwa mwenye uwezo, na maziko yenye taratibu zilizo sawa kwa tajiri na maskini. Ngazi hiyo haikuhitaji safari ya Ethiopia, wala haikumhukumu mtoto kwa hesabu za luba ya babu yake. Tena yapatana na ile ya zamani mahali pamoja pa kupendeza, kwani Kurani nayo huutaja umri wa miaka arobaini kuwa wakati wa mtu kutimia.

Pigo la pili lilikuwa kali zaidi. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, mzozo wa kaskazini uligeuka vita, vile vijulikanavyo kwa jina la vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka jimbo hilo liungane na Somalia. Vilidumu mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika muda huo watu wa Waso walikusanywa katika kambi za ulinzi, Merti, Garba Tulla na kwingineko, wasiweze kuyafuata malisho na maji. Mifugo ikafa kwa wingi usiosahaulika. Hata leo wazee huuita wakati huo gaaf daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Jina hilo latosha kuwa historia nzima, kwa kuwa mfugaji aliyesimamishwa ni kama mto uliozibwa.

Fikiri, msomaji, jambo hilo lilimaanisha nini kwa mtu anayekua. Mifugo haikuwa chakula tu, ilikuwa vipandio. Mtoto mdogo alipewa ndama na vitoto vya mbuzi awachunge karibu na boma. Alipokuwa mkubwa alipewa mbuzi na kondoo. Kijana alikwenda na ng'ombe na ngamia mbali, akijua visima na hatari. Mwanamume alioa kwa mifugo. Na mzee aliheshimiwa kwa kuwa alijua ni malisho yapi yaachwe na yapi yaliwe. Mifugo ilipokwisha, mvulana alikosa cha kuchunga, kijana alikosa mahari, na mzee alikosa jambo la kushauriwa. Baba aliyekuwa tajiri akapanga foleni ya posho pamoja na mwanawe, na katika foleni hiyo walikuwa sawa. Hali hiyo ndiyo aliyoiona Erikson kwa Wasioux: si watu waliopotea, bali ni watu waliopotezewa vipandio.

Baada ya vita baadhi walijaribu kilimo cha kumwagilia kando ya mto, kama huko Merti na Malka Daka. Baadhi walikwenda mjini Isiolo kutafuta kazi. Na wengine walianza upya na mbuzi wachache. Ukame wa miaka ya 1970 uliwarudisha nyuma tena. Lakini hawakukaa kulia tu. Kitu kimoja cha zamani walikiokoa, nacho ni mamlaka ya wazee wa dedha, ambao hukaa na kupanga malisho ya masika na ya kiangazi, na kuamua ni wapi pahifadhiwe kwa siku za shida. Katika miaka ya 2010 kaunti ya Isiolo na mashirika kadhaa walitambua kuwa wazee hao wana elimu isiyopatikana ofisini, na kazi yao ikatiwa nguvu tena. Hivyo uzee katika nchi ya Korbesa haukuachwa uwe mzigo. Una kazi ambayo asiye mzee hawezi kuifanya.

Na vijana je? Ngazi yao ya sasa ni shule. Kwa sadfa ya ajabu, tangu mwaka 1985 hadi 2023 shule ya msingi ya Kenya ilikuwa na madarasa manane, miaka minane kamili, kama daraja moja la gada. Mfumo huo sasa umebadilishwa, lakini shule ingali ngazi, na mtoto wa Korbesa huipanda pamoja na ile ya chuo cha Kurani na ile ya machungani. Ngazi ya shule ina wema mkubwa: humpokea msichana sawa na mvulana, jambo ambalo gada haikulifanya, na humfungulia mtoto wa maskini mlango ambao baba yake hakuuona. Ila ina upungufu mmoja ambao gada haikuwa nao. Katika gada kundi zima lilipanda pamoja, aliye hodari na aliye mzito, na hakuna aliyeambiwa kuwa ujana wake umekataliwa. Katika shule wengine hupanda na wengine huachwa chini, na yule aachwaye mara nyingi hakuna amwambiaye yeye sasa ni nani. Sheria humpa kitambulisho afikapo miaka kumi na minane. Lakini kitambulisho hutaja jina na mwaka wa kuzaliwa, hakitaji wajibu. Huyo ndiye kijana ambaye wizi wa mifugo na mambo maovu mengine humpokea upesi, kwa sababu nayo yana vyeo vyake na sherehe zake.

Sikuandika haya ili turudi katika gada. Waborana wa Waso wenyewe hawakurudi; walijenga ngazi nyingine kwa vipande walivyovipata, na ujenzi haujaisha. Nimeandika ili uone kuwa ngazi ya maisha hujengwa, na kwa sababu hujengwa yaweza kuvunjwa, na kwa sababu yaweza kuvunjwa yahitaji mafundi. Wahenga wa Kiswahili walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Wengi hulisoma neno hilo kana kwamba linawahusu watoto wadogo peke yao. Historia ya Waso yatuonyesha kuwa lina maana kubwa zaidi: mkono mmoja haumlei kijana, wala haumlei mtu wa makamo, wala haumlei mzee.

Wewe usomaye kurasa hizi umo katika kipandio cha ujana, kile ambacho watu wengi huanguka. Usidhani kuwa kazi yako ni kupanda tu. Nyuma yako yuko mdogo wako anayekutazama ajue kijana ni mtu wa namna gani, na mbele yako yuko mzee anayengoja aulizwe jambo. Mjibu wa nyuma, muulize wa mbele. Na kwa kufanya hivyo utakuwa umeanza kutimiza wajibu wa daraja lako.